Macho ya Serikali na Masikio yake



Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Wengi wa wazazi wenu walikuwa bado watoto wadogo. Kwa miaka yote hiyo Kinshasa imetawala umati isioujua idadi yake, na kwa muda mrefu kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha raia, kwa kukosa kingine. Tunalalamika kwamba mamlaka yote yamekusanywa katika mji mkuu. Ni kweli; lakini mamlaka hayo yamekuwa pia kipofu.

Ndiyo sababu haitupasi kuichukia kompyuta. Serikali ilipoanza, mwaka 2011, kuwalipa watumishi wake kupitia benki, faida ilieleweka upesi. Hapo awali fedha taslimu zilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mwalimu wa kijijini, na mara nyingi mikono hiyo ilibaki na kitu. Orodha inayosomwa na mashine yaweza pia kumfichua mtumishi hewa, ambaye jina lake hupokea mshahara wakati mwenyewe hayuko. Mamlaka ya kati yanayoona vizuri yaweza kumtetea mnyonge wa mbali dhidi ya mkubwa wa karibu.

Hata hivyo, kuona si kusikia. Kuna kisa cha nchi ya Chile ambacho chafaa tukitafakari. Mwaka 1971 serikali ya Rais Salvador Allende ilimwalika mtaalamu Mwingereza, Stafford Beer, aisaidie kusimamia viwanda ilivyokuwa imevitaifisha. Viwanda viliunganishwa na mji mkuu, Santiago, kwa mashine za teleksi. Habari za uzalishaji zikaingizwa katika kompyuta, ili viongozi wayajue mambo mapema, wasingoje taarifa za miezi mingi. Wenye malori walipogoma mnamo Oktoba 1972, teleksi hizo ziliisaidia serikali kujua barabara ipi iko wazi na bidhaa zipelekwe wapi. Mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 11 Septemba 1973 yaliukomesha mradi huo.

Jambo moja katika mpango wake lanigusa kuliko mengine. Dosari ilipotokea kiwandani, ilikusudiwa kwamba wenye kiwanda waarifiwe kwanza, wapewe muda wa kuirekebisha wenyewe. Wakishindwa, ndipo habari ipande juu. Mtaalamu yule alielewa kwamba mkuu anayejiingiza katika kila jambo huzama katika habari ndogo ndogo, akakosa kuliona lililo kubwa.

Sisi tumeionja sura nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi wa simu vilikatwa nchini mwetu, na intaneti haikurudi hadi baada ya majuma karibu matatu. Chombo kinachopeleka habari mji mkuu kilizimwa saa ileile wananchi walipotaka kupashana habari. Zamani umbali ulimkinga mwanakijiji: amri mbaya ilichoka njiani. Siku hizi amri haichoki tena. Kinga iliyowekwa na milima, mito na barabara mbovu imeondoka, na sharti tuweke nyingine kwa mikono yetu.

Kwa hiyo naona hivi: teknolojia itayaongezea mamlaka ya kati nguvu ya kweli pale tu ambapo habari hupanda na pia kushuka. Katiba yetu ya mwaka 2006 yaagiza kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni fungu la mikoa, nalo libakizwe palepale yanapokusanywa. Kompyuta ingeweza kulitenga fungu hilo kwa dakika chache. Ikiwa hadi leo mikoa yalilia haki hiyo, kinachokosekana si mashine.

Basi siku karani atakapofika mtaani na mashine ya kuchukua alama za vidole, msikimbie. Toeni vidole vyenu. Kisha ulizeni kwa heshima: Orodha ya majina itabandikwa wapi tuisome? Jina likikosewa, ni nani hapa mtaani mwenye uwezo wa kulisahihisha? Na fungu la mkoa wetu, nalo tutaliona wapi?

Serikali inayoyajibu maswali hayo itakuwa na nguvu kuliko ile inayotuhesabu tu, kwa maana watu huitii kwa hiari mamlaka wanayoweza kuyakagua. Wahenga walituachia onyo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Historia yetu yatufundisha upande wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo, hata awe na macho elfu, naye huvunjika guu.