Binti Kuisemea Nchi Asiyoikubali: Je, Ni Uongo?

Ijumaa iliyopita baada ya swala ya Alasiri alinijia mzazi mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akiwa na barua ya shule mkononi. Binti yake wa kidato cha tatu amechaguliwa kwenda Nairobi kushiriki mkutano wa mfano wa Umoja wa Mataifa, ule ambao wanafunzi hukaa katika kumbi za Gigiri, kila mmoja akiwa mjumbe wa nchi fulani, wakajadili na kupiga kura kama wafanyavyo mabalozi. Furaha ya mzee wetu ilikatika aliposoma nchi aliyopangiwa mwanawe: Marekani, ndani ya Baraza la Usalama, na mada ni Palestina. "Sheikh," akaniuliza, "mwanangu asimame mbele za watu ayatetee yale tunayoomba dua yaondoke? Huo si uongo?"

Swali hili ni zito, wala halistahiki kujibiwa kwa kicheko.

Uongo ni kumfanya msikilizaji aamini jambo ambalo msemaji anajua si kweli. Katika ukumbi ule hapana anayedanganywa. Kila aliyekaa anajua kwamba binti huyu si balozi wa Washington, na kwamba nchi hugawiwa na waandalizi. Anachofanya ni kueleza hoja ya mwingine kwa uaminifu, na hiyo ni kazi tuliyoizoea sisi tuliokalia mikeka ya madrasa. Ibn Rushd, katika Bidayat al-Mujtahid, haoni taabu kueleza kwa nini Wahanafi wamesema hivi na Washafii vile, ilhali yeye ni Mmaliki. Mwalimu wangu hakuturuhusu kuijibu hoja ya madhehebu mengine mpaka tuiseme kwa namna ambayo mwenyewe angeikubali. Wengi wetu tulishindwa hapo, si kwenye jibu.

Tena tuitazame Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Suhayl bin Amr alikataa katu kuandikwa "Mtume wa Allah", kwa hoja kwamba lau Makuraishi wangemkiri kuwa Mtume wasingemzuia kuizuru Al-Kaaba. Sayyidna Ali (R.A.) hakuwa radhi kulifuta neno lile, Mtume (S.A.W.) akalifuta mwenyewe, likaandikwa jina lake na la baba yake. Hakuikubali itikadi ya Suhayl. Alifahamu lipi mtu yule hawezi kulitia sahihi na lipi analiweza, na kwa ufahamu huo yakapatikana mapatano ya miaka 10.

Binti akiifanya kazi hii ipasavyo atalazimika kusoma. Atakuta kwamba tarehe 18 Aprili 2024 azimio la kupendekeza Palestina iwe mwanachama kamili lilipata kura 12 kati ya 15, nchi mbili hazikuegemea upande wowote, na Marekani peke yake ikaliangusha kwa kura ya turufu, ikidai kuwa dola hiyo ipatikane kwa mazungumzo ya pande mbili zenyewe. Akirudi nyuma hadi 1981 atamkuta Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa balozi nchini Misri akiwa na miaka 22 na Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, akizuiwa na turufu hiyohiyo asiwe Katibu Mkuu. Sisi wa barazani tunailaani turufu kila siku. Ni wangapi tunaojua mwenye nayo hutoa sababu gani, na sababu hiyo inavunjika wapi?

Khofu yangu iko kwingine. Mikutano hii hutoa tuzo ya mjumbe bora, na kijana aweza kuupenda ushindi wa ulimi hata ukweli ukawa hauna uzito kwake. Akirudi nyumbani aulizwe: wewe mwenyewe waamini nini, na kwa hoja ipi? Kisha kuna ada, nauli na suti (kana kwamba kanzu na hijabu haziingii ukumbini), mambo yanayowaacha nje watoto wa wanyonge. Madrasa zetu zaweza kufanya kikao kama hicho Jumamosi. Vyahitajika viti 15, chaki, na mwalimu aliyeisoma mada.

Nilimshauri mzazi yule asiombe nchi ibadilishwe. Aulizie ratiba tu, ili vikao vipishe nyakati za swala. Alikubali kwa shingo upande. Nasikia binti ameanza kuandika waraka wake, na kila usiku baba ndiye anayempinga kwa niaba ya Palestina.