Mnyamwezi, Mchina na safari ya kurudi nyumbani

Kila ukifika mwaka mpya wa Kichina, swali la hapa kwetu huwa ni moja tu: mwaka huu ni wa mnyama gani? Joka, nyoka, farasi... basi, habari imeishia hapo. Mimi naona tunaacha nyama na kung'ang'ania mfupa.

Mwaka huo unafuata mwezi, na huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Kabla ya siku yenyewe nyumba inafagiliwa kila kona. Siku ya kwanza ufagio hauguswi, usije ukafagia na bahati. Milango inabandikwa karatasi nyekundu, watoto wanapewa pesa ndani ya bahasha nyekundu. Mezani kuna samaki mzima, maana neno lao la samaki linatamkwa sawa na neno la ziada, kwa hiyo wengi humbakiza kidogo ili ziada ivuke mwaka. Watu wa kaskazini wanakunja jiaozi, ukiziona utadhani sambusa za kuchemsha. Kusini kuna niangao, keki ya mchele unaonata.

Lakini vyote hivyo vina sharti moja: mlo wa mkesha unaliwa nyumbani, na wazazi. Ndiyo maana mamilioni ya vibarua wa mijini hupanda treni kurudi vijijini kila mwaka.

Wadau wa Tabora, hilo si geni kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mwendo wa karibu miezi mitatu kwa miguu. Waliondoka baada ya mavuno, wakahangaika kurudi kabla ya mvua ili walime. Safari ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo kutoka Dar kwa basi ni siku moja. Lakini nawajua vijana wa Tabora walioko Dar ambao miaka mitano hawajaonja matobolwa ya mama zao. Pesa wanatuma kwa simu, na ni jambo jema. Ila simu haikai kwenye kigoda kula ugali na mzee.

Mtaniambia nauli, mtaniambia likizo. Sawa. Mbona Wachagga kila Desemba wanajaza mabasi ya Moshi? Tunawatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa, tunacheka, kumbe wenzetu wanakula na wazazi wao.

Pendekezo langu: tuchague siku yetu. Si lazima iwe Januari mosi, wakati wazee wako shambani. Iwe Juni, mavuno yameingia, karanga mpya zipo. Majira yale yale waliyoondoka wapagazi, sisi tuwe tunarudi.

Desemba 2022 kampuni za China zilisaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, kuelekea kule kule misafara ilikokwenda Ujiji. Mchina anajua treni ni ya kumrudisha mtu kwao. Sisi tutaipanda kwenda wapi, kama kwa mama hatufiki?