Hewa ya ukaa haitayashibisha mahindi yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu ndugu mmoja niliyemsikia mnadani hapa Maganzo akiwatuliza wakulima wenzake. Alisema hewa ya ukaa inayozidi angani kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari si ya kuogopwa, kwani ndiyo chakula cha mimea, na mahindi yatanawiri.

Ndugu huyo alisema nusu ya kweli. Mpunga, maharage na hata pamba yetu hunufaika hewa hiyo inapoongezeka. Mahindi yameumbwa vingine. Majani yake huikusanya hewa ya ukaa na kuishindilia ndani, hivyo tangu zamani yameshiba. Wataalamu wa Illinois, Marekani, waliyaongezea mahindi hewa hiyo shambani mwaka 2004, msimu ambao mvua ilitosha, na mavuno hayakuongezeka. Faida kidogo huonekana wakati wa ukame, kwa kuwa majani hupoteza maji machache.

Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inayoleta joto, na joto mahindi hayalipendi. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, kutokana na majaribio zaidi ya 20,000 barani Afrika, ulionyesha kuwa kila siku joto linapozidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja, mavuno hupungua asilimia 1 hata mvua ikiwa nzuri, na asilimia 1.7 wakati wa ukame. Jua kali likikuta mbelewele zimechanua, chavua hufa na ndevu hukauka. Mimi yamenikuta. Mvua ilikatika Februari, mahindi yakiwa marefu kuliko mimi, na wapita njia wakinisifu. Nilipomenya nilikuta magunzi yenye punje za kuhesabu. Watoto wangu walikula kwa kununua debe debe hadi msimu mwingine.

Mtama ungevumilia. Najua nitaambiwa hilo ni wimbo wa zamani, na ni kweli. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 Serikali ilihimiza mtama, uwele na mihogo, ikapandisha bei, wakulima wakaitika, kisha NMC ikabaki na mtama mwingi usio na walaji. Kwa hiyo kumhimiza mkulima peke yake hakutoshi. Hata nyumbani kwangu ugali wa mtama ukiwekwa mezani vijana wananuna!

Naomba wahusika waanzie shuleni, uji wa wanafunzi wa mkoa huu uwe wa mtama, ununuliwe kwetu wenyewe. Mbegu fupi zinazokomaa mapema zifike madukani kabla ya Novemba, maana huku mbegu tunayoikuta kwa wingi ni ya mahindi. Na ndege ya kunyunyizia dawa kwelea kwelea ije wakati mtama una maziwa. Ikija baada ya hapo itakuta mabua.

Mkulima,
Maganzo, Shinyanga.