Malezi: Mchezo ulioahidiwa na mchezo uliofika



Juma hili tuongee juu ya michezo ya video. Usiruke ukurasa ukisema ni mambo ya vijana. Pesa ya mchezo inatoka nyumbani, na hasira ya mchezo inarudi nyumbani. Mtoto aliyengojea mchezo miezi mingi, halafu akaupata na kununa siku nzima, ameumia kweli. Tukimwambia “ni mchezo tu”, hatumsaidii. Tumsaidie kuelewa nani alijenga lile tumaini lililovunjika.

Tuchukue mfano unaojulikana sana. Kule Guildford, Uingereza, kuna kampuni ndogo inayoitwa Hello Games. Mwezi wa 12 mwaka 2013 ilionyesha mchezo wake, No Man's Sky. Mchezaji anapanda chombo cha angani na kutembelea sayari nyingi kupita hesabu, maana ni kompyuta yenyewe inayozitengeneza. Mkubwa wa kampuni, Sean Murray, aliulizwa maswali mengi. Je, wachezaji wawili wataweza kukutana humo? Alijibu kwamba inawezekana, lakini itakuwa nadra sana kwa sababu anga ni kubwa.

Angalieni namna tumaini linavyokua. Yeye alisema neno moja, wapenzi wa mchezo wakaongeza la pili na la tatu. Pale aliponyamaza, walijaza kwa ndoto zao. Na kampuni ilichelewa kusema wazi “hili limo, lile halimo”, mpaka siku za mwisho kabisa. Ndoto za watu zilikuwa tangazo la bure.

Mwezi wa 5 mwaka 2016 mchezo uliahirishwa kwa majuma machache tu. Kuna watu waliomtumia Murray vitisho vya kumuua. Hata mwandishi wa habari aliyetangaza kwamba utachelewa alitishwa. Ulipotoka mwezi wa 8, kwa dola karibu 60, wachezaji wawili walifika mahali pamoja siku za kwanza kabisa, lakini hawakuonana. Na mambo kadhaa yaliyoonyeshwa kwenye video za zamani hayakuwamo. Wengi walidai pesa zao.

Mwaka 2020 yalitokea tena, safari hii kwa kampuni kubwa ya Poland, CD Projekt. Mchezo wake Cyberpunk 2077 ulitangazwa mwaka 2012, ukaahirishwa mara tatu katika mwaka 2020, ukatoka tarehe 10 mwezi wa 12. Zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wameshauagiza kabla haujatoka. Wakaguzi walikuwa wamepewa ule wa kompyuta tu. Wenye PlayStation 4 walikuta unakwamakwama na kuzimika. Baada ya juma moja, Sony iliutoa katika duka lake la intaneti na kukubali kurudisha pesa.

Nani mwenye kosa? Hawalingani. Muuzaji anajua kilichomo, mnunuzi hajui. Ahadi ni deni, na deni zito ni la yule aliyeahidi akapokea pesa. Lakini mtoto wetu hawezi kuongoza kampuni ya Uingereza wala ya Poland. Anaweza kuongoza tumaini lake mwenyewe, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Kwanza, mpe karatasi aipige mstari katikati. Upande mmoja aandike waliyosema wenye mchezo. Upande wa pili aandike anayoyatamani yeye na yanayosemwa na marafiki. Ataona mwenyewe upande gani ni mrefu.

Pili, tusilipe kabla ya kuona. Sokoni hatununui gunia la maharagwe lililofungwa bila kuingiza mkono ndani. Mchezo wa intaneti hauishi dukani kama sukari. Angoje majuma mawili, atazame wengine wakiucheza, ndipo aamue. Hata kwa wale wanaocheza kwenye telefone ya baba ni vilevile: tangazo linaonyesha mambo makubwa, mega zinakwisha kwa kuupakua, na mchezo wenyewe ni mwingine.

Tatu, hasira iwe na mpaka. Mtoto ana haki ya kusema “mchezo huu ni mbaya” na kudai pesa irudi. Hana haki ya kutukana wala kutisha mtu. Aliyetengeneza mchezo naye ana mama.

Na wamama, yale tunayowaambia watoto yanatuhusu sisi pia. Ukisema “tutaona mwisho wa mwezi”, mtoto anasikia “ndiyo”. Sema wazi kinachowezekana na kisichowezekana.

Mwisho wa hadithi unafundisha kuliko mwanzo. Hello Games walinyamaza miezi kadhaa, wakafanya kazi, wakaanza kuongeza mambo mapya bila kulipisha. Mwaka 2018 wachezaji waliweza kweli kukutana na kuonana. Cyberpunk nao ulitengenezwa, na leo wengi wanausifu. Waliolipa kwanza walipata mchezo mbovu kwa bei ya juu. Waliongoja walipata mchezo mzuri, mara nyingi kwa bei ya chini.

Tuonane juma lijalo.