Shirika la ndege likiuzwa, kiti cha usalama kisikae wazi

KILA shirika la ndege linapotangazwa kuwa litauzwa, litaunganishwa na jingine au litapunguza wafanyakazi, wafanyabiashara huuliza maswali yale yale: deni ni kiasi gani, mnunuzi ni nani, hisa zitakwenda kwa bei gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ni nani aliyeketi katika ofisi ya usalama wa safari, na kama bado anasikilizwa na mkurugenzi mkuu. Swali hilo lingestahili kutangulia mengine yote.

Hapa nchini somo hilo lilipatikana kwa gharama. Shirika la Ndege la Tanzania lilizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Desemba 2002 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini kwa dola za Marekani milioni 20. Ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 2006 ilivunjika, na Serikali ikarudi kuwa mmiliki pekee. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikalinyang'anya shirika cheti cha kuendesha safari kwa kutotimiza masharti ya usalama, na ndege zake zikakaa chini hadi Januari 2009.

Mtu anaweza kubishana kuhusu chanzo, kama kilikuwa fedha, uongozi au siasa. Lisilo na ubishi ni kwamba katika wiki hizo shirika lilikuwa na majengo, wafanyakazi, jina na madeni, lakini halikuwa na bidhaa ya kuuza.

Shirika hilo lilipoteza cheti. Wengine walipoteza watu, na kisa kilichochunguzwa kwa undani zaidi kilitokea mbali na hapa, nchini Kanada. Mwaka 1987 kampuni mbili ndogo, Air Ontario na Austin Airways, ziliunganishwa. Marubani wa pande mbili walikuwa na desturi tofauti za kazi. Mwaka 1988 wakagoma, na mwaka huo huo kampuni ikaingiza ndege za jeti aina ya F-28 ambazo haikuwa na uzoefu nazo, bila hata kuwa na kitabu chake yenyewe cha kuziendeshea. Ofisa wa usalama alikuwa amejiuzulu, na kiti chake kikakaa wazi kwa muda mrefu wa kipindi hicho.

Machi 10, 1989, moja ya ndege hizo ilitua Dryden huku theluji ikianguka. Injini ndogo ya mkiani, ile inayowasha injini kubwa, ilikuwa mbovu kwa siku kadhaa, na uwanja huo haukuwa na mtambo wa kuwashia. Rubani akiizima ndege, hawezi kuiwasha tena. Hivyo ilijazwa mafuta injini moja ikinguruma na abiria wakiwa ndani, na kwa kuwa kunyunyizia dawa ya kuyeyusha barafu katika hali hiyo kulikatazwa, iliruka na theluji juu ya mabawa. Kati ya watu 69 waliokuwamo, 24 walikufa.

Ingekuwa rahisi kumtwika rubani lawama yote na kufunga jalada. Jaji Virgil Moshansky hakufanya hivyo. Taarifa yake ya mwaka 1992, yenye mapendekezo 191, ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi katika ofisi za wakubwa, kwenye muungano wenyewe na namna ulivyosimamiwa, na hata kwa Serikali iliyopaswa kukagua.

Wakati wa misukosuko mkuu wa usalama hawezi kumwahidi fundi kwamba ajira yake ipo. Akiahidi hivyo atakuwa anadanganya, na mafundi watajua. Anachoweza kuahidi ni kwamba hakuna atakayeingizwa katika orodha ya kupunguzwa kwa sababu aliandika taarifa ya hitilafu. Ahadi hiyo haina thamani bila saini ya mkurugenzi mkuu, na inafaa ibandikwe karakanani kabla orodha haijatoka.

Maana jambo la kwanza kupungua katika kampuni yenye hofu ni taarifa. Fundi anayesubiri barua ya kustaafishwa hataki jina lake lionekane, na rubani anayejua kwamba safari zimebanwa haandiki kwamba alikuwa amechoka. Mezani kwa wakurugenzi takwimu zinaonekana nzuri, matukio yameshuka, na mtu anapongezwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkuu wa usalama anayejua kazi yake, akiona taarifa zimepungua ghafla katikati ya mazungumzo ya kuuzwa kwa kampuni, atakwenda zamu ya usiku kuuliza kwa nini.

Tatizo jingine ni kuondoka kwa watu. Wa kwanza kuondoka ni wale wenye leseni nzuri, ambao mashirika ya Ghuba huwapokea bila maswali mengi. Menejimenti huhesabu vichwa vilivyobaki. Mkuu wa usalama ahesabu saini. Ikiwa mafundi wanne walikuwa na ruhusa ya kuidhinisha aina fulani ya ndege na sasa yupo mmoja, ratiba ya safari ipunguzwe hata kama idara ya mauzo itapiga kelele.

Wapo mameneja wanaodai kwamba neno "usalama" hugeuzwa ngao ya kulinda vyeo. Madai hayo si ya uongo wakati wote. Ofisi inayopinga kila badiliko kwa kutisha watu hupoteza imani, na siku ya hatari halisi hakuna anayeisikiliza. Ndiyo maana inapaswa kuja na kumbukumbu za karakana na ratiba za zamu, si na hisia.

Kanuni ipo. Kiambatisho cha 19 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinataka athari za mabadiliko kwa usalama zipimwe. Bodi nyingi hulikumbuka sharti hilo zinapoleta ndege mpya. Kuuza hisa, kufuta idara au kuhamisha makao makuu nako ni mabadiliko.

Soko la Ulaya limeshatoa bei yake. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, ukitaja upungufu wa wataalamu na udhaifu wa usimamizi. Tangazo hilo halikutenganisha kampuni moja na nyingine. Mwenye kampuni ndogo anayetaka kumshawishi mnunuzi, benki au wakala wa watalii kwamba yake ni tofauti, hana cha kuonyesha isipokuwa kumbukumbu zake mwenyewe: nani alikuwa mkuu wa usalama mwaka ule wa misukosuko, aliandika nini kwa bodi, na alijibiwa baada ya siku ngapi.