Ajifunze Kwanza, Kisha Apewe Ukuta

Kigangoni kwetu hapa Singida tunabishana: Bikira Maria atakayechorwa ukutani afanane na yule wa kalenda, au avae kama mama wa Kinyaturu? Wazee wanahofia mapokeo. Nawaelewa, lakini tutazame kwanza India na Pakistani.

Mwaka 1580 Wajesuiti walifika kwa mfalme Akbar wakiwa na picha takatifu. Wachoraji wake, waliozoea michoro midogo ya vitabuni yenye asili ya Uajemi, wakamchora Maria kwa mkono wao. Karne nne baadaye, mjini Lahore, Shahzia Sikander alijifunza sanaa hiyo ambayo vijana wengi waliiona imepitwa na wakati. Kisha, kati ya 1989 na 1990, akachora kazi ndefu iitwayo The Scroll. Humo hamna mfalme vitani. Yumo msichana anayepita chumba hadi chumba katika nyumba ya siku hizi.

Hakuvunja mapokeo. Aliyajifunza, ndipo akayapa neno jipya.

Kwa hiyo vijana wenzangu, vazi la Kinyaturu peke yake halitoshi. Mchoraji wetu ajifunze kwanza kwa nini Kanisa humchora Maria linavyomchora. Nanyi wazee wetu, akishajifunza, mwachieni ukuta.