Fanusi si safi kuliko lampe

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili aliandika katika insha kwamba alisomea mtihani kwa "lampe". Neno likapigwa mstari mwekundu, na pembeni pakaandikwa "fanusi", eti ndilo Kiswahili safi. Sina ugomvi na fanusi. Ugomvi wangu ni na hilo neno "safi".

Fanusi tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wagiriki, waliosema phanos. Kandili lilipita njia hiyohiyo ya Kiarabu, ila asili yake ni Kilatini, candela. Na lampe? Kigiriki vilevile: lampas, likapita Kilatini, kisha Kifaransa, ndipo likatufikia. Basi aliyefuta lampe na kuweka fanusi amefuta neno la Kigiriki akaweka jingine la Kigiriki. Moja lilikuja na majahazi, jingine na shule ya Wabelgiji. Ndiyo hadithi ya tochi pia. Tochi, kutoka Kiingereza, ni neno la kamusi. Torshi yetu, kutoka Kifaransa, huitwa kosa. Lakini Waingereza wenyewe waliazima torch kwa Wafaransa!

Anayetaka neno la nyumbani asiende mbali, alitazame taa. Warundi na Wanyarwanda husema itara. Liweke kando ya njaa na inzara, mvua na imvura, utaona safu moja: Kiswahili kimedondosha konsonanti katikati ya irabu, majirani wameibakiza. Mfano huu ungefaa darasani kuliko mistari mingi myekundu.

Vitu navyo vina historia yake, na majina huifuata. Ile taa ya mkono yenye kioo na mirija miwili ubavuni ilibuniwa na John Irwin, Marekani, katika miaka ya 1860. Mirija hurudisha hewa kwenye moto, ndiyo maana upepo hauizimi kirahisi. Tanzania huiita chemli, kutoka chimney ya Kiingereza: jina la kile kioo likameza taa nzima. Kibatari hakina kioo, ni kopo na utambi tu. Karabai ni ya pampu, na mwanga wake hutoka kwenye kitambaa kinachowaka cheupe, uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa mwaka 1885. Sisi vyote hivi tunaviandikia "lampe" au "taa" na kuendelea. Hapo, nakiri, mwenye kalamu nyekundu ana haki ya kutudai zaidi. Ila atudai usahihi wa kitu, si usafi wa ukoo.

Maana usahihi una uzito wake. Chukua petroli. Kwetu, kwa kufuata Kifaransa, petroli ni mafuta ya kuwashia taa, na gari hunywa esansi. Ng'ambo ya ziwa, kwa kufuata Kiingereza, petroli ndiyo ya gari, na ya taa huitwa mafuta ya taa. Mtu wa Uvira akishuka Kigoma akaomba petroli ya fanusi yake, muuzaji atampa alichoomba. Akiimimina na kuwasha kiberiti, nyumba itaungua. Kamusi inayoandika maana moja tu ya neno hili haijakosea sarufi. Imemwacha msomaji kwenye hatari.

Najua jibu la walimu wetu: mtihani lazima uwe na kipimo kimoja. Sawa. Kipimo hicho tukiite sanifu, yaani kilichokubaliwa na watu fulani mahali fulani, na mwanafunzi ajue kwamba lampe ni ya Kongo, si ya kijinga. Katika kusahihisha, inatosha kuandika pembeni "sanifu: taa" bila kulikata neno lake.

Na mada za namna hii zikubaliwe kuwa za isimu. Tumezoea kusikia kwamba majina ya vyombo vya nyumbani ni kazi ya wanaethnografia. Lakini taa za sola zimejaa sokoni, na anayenunua sola hahitaji tena neno la utambi wala la kopo lake. Wanaoyajua maneno hayo ni mama zetu wanaouza samaki jioni kandokando ya barabara. Kinasa sauti kimo ndani ya kila simu ya kitivo hiki.